Mapambo au Tendo? Uhakiki wa Michoro ya Makaburi ya Watu Binafsi wa Misri ya Kale

1. Utangulizi

Katika karatasi za mtihani wa uhakiki ambazo mwandishi wa makala haya husahihisha kila mwaka, kuna kauli mbili ambazo hazikosi kujitokeza. Ya kwanza ni kwamba tamathali za usemi hupamba kazi ya fasihi. Ya pili ni kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Wanafunzi hawakuzibuni kauli hizi, wamezipokea kwetu. Mwalimu akiulizwa sitiari ina kazi gani katika shairi, aghalabu hujibu kwamba inalipamba shairi na kumvutia msomaji. Akiulizwa hadithi inatuambia nini, hujibu kwamba inaakisi maisha ya watu wa wakati wake. Kwa njia hiyo kazi moja hukatwa vipande viwili: fani ikawa urembo wa juu, na maudhui yakawa habari tu.

Makala haya yanakusudia kuzichunguza kauli hizo mbili kwa kutumia mfano ulio mbali na fasihi ya Kiswahili, nao ni michoro ya rangi iliyomo katika makaburi ya watu binafsi wa Misri ya kale. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu michoro hiyo imepatwa na makosa yale yale. Vitabu vingi huiita mapambo ya makaburi. Na baada ya kuiita hivyo, huitumia kama picha za maisha ya kila siku, ili kuonyesha Wamisri walilima vipi, walivua vipi na walikula nini. Tutajaribu kuonyesha kwamba michoro hiyo si pambo kwa maana hiyo, wala si kioo. Ni tendo. Mwishoni tutarudi kwenye neno pamba lenyewe, kwani huenda kosa si la neno bali ni la namna tulivyozoea kulitumia.

Yafaa tuondoe shaka moja mapema. Hatudai kwamba wenyeji wa Ziwa Viktoria walitoka Misri, wala kwamba Dholuo au Kisuba ni lugha za mafarao. Mjadala wa asili ya Wamisri una historia yake, na hoja za Cheikh Anta Diop na Théophile Obenga katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Cairo mwaka 1974 zinafahamika. Kwa suala letu hatuhitaji nasaba. Mhakiki hahitaji kuwa mjukuu wa mtunzi ili aisome kazi yake. Linalomlazimu ni kuisoma vizuri.

2. Kaburi na kuta zake

Tunaposema makaburi ya watu binafsi tunakusudia makaburi ya watu wasiokuwa wafalme: makarani, wapimaji wa mashamba, makuhani, majemadari na mafundi. Mamia ya makaburi hayo yamechongwa katika vilima vya ng'ambo ya magharibi ya Mto Nile, mkabala na Luxor ya leo. Mengi ya yale ya wakati wa Nasaba ya 18 (takriban 1550 hadi 1295 K.K.) yalikuwa na sehemu mbili. Chini palikuwa na shimo na chumba cha maiti, ambacho kilifungwa baada ya mazishi kisifunguliwe tena. Juu palikuwa na ukumbi uliobaki wazi. Jamaa waliingia humo kutoa sadaka, na katika Sikukuu ya Bonde walikuja kula na kunywa karibu na wafu wao. Michoro tunayoizungumzia, kwa sehemu kubwa, ilikuwa katika ukumbi huo wa juu. Kwa hiyo ilikuwa na hadhira, na hadhira hiyo ilikuwa ya watu walio hai.

Ufundi wake hautakuwa mgeni kwa mtu aliyekulia katika nyumba ya udongo. Mwamba ukiwa mbovu, ukuta ulikandikwa kwa udongo uliochanganywa na mabua yaliyokatwakatwa, kisha ukapakwa tabaka jembamba la jasi jeupe. Rangi zilipakwa ukuta ukiwa umekwisha kukauka: nyekundu na manjano za udongo, nyeusi ya masizi, nyeupe ya chokaa au jasi, na ile ya samawati ambayo Wamisri waliitengeneza wenyewe kwa kuchoma pamoja mchanga, shaba na chokaa. Kabla ya kuchora, fundi alichovya uzi katika rangi nyekundu, akauvuta mpaka ukakazika juu ya ukuta, akauachilia upige mstari. Seremala wa pwani ana jina la rangi hiyo na la kazi hiyo: ni kupiga ngeu. Mistari hiyo ilifanya miraba, na umbo la mtu aliyesimama lilipangwa katika miraba 18 kutoka kwenye unyayo hadi kwenye mstari wa nywele.

Anayezijua arudhi za ushairi wa Kiswahili ataelewa jambo hili upesi. Miraba haikuwa minyororo ya kumfunga fundi, kama vile mizani 16 ya mshororo isivyomfunga mtunzi hodari. Ilikuwa ndiyo sharti la umbo kuwa umbo kamili. Umbo lisilo kamili lisingeweza kufanya kazi liliyopewa, na kazi hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza sasa.

3. Bwawa la Nebamun

Nebamun alikuwa karani aliyehesabu nafaka katika ghala la hekalu la Amun, yapata 1350 K.K. Kaburi lake lilipatikana karibu na mwaka 1820 na Giovanni d'Athanasi, aliyekuwa wakala wa balozi mdogo wa Uingereza, Henry Salt. Watu wake waliikata michoro kutoka ukutani vipande vipande. Vipande 11 vimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Mahali penyewe palipokuwa na kaburi hapajulikani tena.

Mwandishi wa makala haya aliviona vipande hivyo alipokuwa masomoni London. Kimoja kinaonyesha bwawa katika bustani. Bwawa lenyewe limechorwa kana kwamba mtazamaji analitazama kutoka angani, likawa mstatili kamili wa maji yenye mawimbi. Lakini samaki, mabata na mayungiyungi yaliyomo yamechorwa kutoka ubavuni. Miti inayolizunguka imesimama upande mmoja, na upande mwingine imelala chini kana kwamba imeangushwa na upepo. Mtu aliyezoea picha za kamera atasema fundi huyu hakujua kuchora. Lakini swali la fundi halikuwa "Mtu akisimama hapa ataona nini?" Swali lake lilikuwa "Bwawa ni nini?" Bwawa ni maji yenye pande nne, samaki ni kiumbe mwenye mapezi na mkia, mti ni kitu chenye shina na matunda. Kila kitu kimetajwa kwa upande unaokitambulisha vyema zaidi, kisha vyote vikaunganishwa. Huo ni utaratibu wa sentensi kuliko utaratibu wa jicho.

Mwandishi alizaliwa Muhuru Bay, katika wilaya ndogo ya Nyatike, mahali ambapo Kenya inapakana na Tanzania ufukoni mwa ziwa. Kwa mtu wa huko, samaki wa Nebamun hawahitaji kibandiko cha maelezo. Ni ngege, ambao ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka huwaita sato. Pezi la mgongoni lenye miiba, mwili mpana, na ule mwendo wao wa kukatiza maji bila haraka: vyote vimo. Swali la msomaji wa Muhuru si samaki gani huyu, bali kwa nini ni huyu. Maji ya Nile yana samaki wengi. Kwa nini ngege ndiye aliyepewa bwawa la marehemu?

Jibu analijua kila mvuvi, ingawa huenda hajawahi kuulizwa. Ngege jike hutaga mayai, yakisha kurutubishwa huyachukua kinywani na kuyalea humo mpaka yaanguliwe. Hata baada ya vifaranga kutoka, hatari ikitokea hukimbilia kinywani mwa mama, nao ukipita hutoka tena wakiwa hai. Wamisri waliliona jambo hilo wakalifanya kuwa ishara: kiumbe kinachoonekana kimemezwa, kumbe kimehifadhiwa ili kizaliwe mara ya pili. Ngege akawa samaki wa kufufuka. Kwa hiyo bwawa la Nebamun si kipande cha bustani kilichowekwa ili ukuta usibaki mtupu. Ni sitiari iliyochorwa, na sitiari hiyo haipambi wazo lililokwisha kuelezwa mahali pengine. Ukimwondoa ngege, wazo lenyewe limeondoka.

Hapa ndipo tunapoikataa ile kauli yetu ya kwanza. Tukisema kwamba sitiari hulipamba shairi, tunadhani kwamba kuna maana iliyokamilika bila sitiari, kisha sitiari ikaja kuivisha nguo. Bwawa hili linatuonyesha kinyume chake.

4. Je, michoro hii ni kioo?

Kipande mashuhuri zaidi cha Nebamun ni kile kinachomwonyesha akiwinda ndege katika mafunjo. Amesimama katika mashua nyembamba ya mafunjo, miguu imetanuka, mkono mmoja umeinua fimbo ya kurushia na mwingine umeshika ndege watatu. Nyuma yake amesimama mkewe, amevaa nguo ndefu na mapambo ya karamu. Binti yao ameketi kati ya miguu ya baba. Paka wa manjano anakamata ndege, na jicho lake limepakwa dhahabu.

Mpe mvuvi wa Muhuru picha hii umwambie kwamba hivi ndivyo watu wa Misri walivyowinda. Atacheka. Chombo cha namna hiyo hakibebi watu watatu, mmoja wao akiwa anarusha fimbo kwa nguvu, kisha kisipinduke. Hakuna anayemchukua mkewe kuwinda akiwa amevaa vazi la arusi. Na hakuna anayefikia umri wa cheo kile akiwa na tumbo bapa na ngozi ya kijana wa miaka 20. Mafundi wa Misri walijua kuchora uzee, upara na tumbo kubwa. Waliwachorea wakulima na wachungaji. Mwenye kaburi hakuchorwa hivyo, kwa sababu hapa halielezwi tukio lililopita. Linatengenezwa umbo ambalo marehemu ataishi nalo.

Mandhari ya aina hii ina mwenzake, ambamo mwenye kaburi anavua kwa mkuki. Mara nyingi mkuki mmoja umewachoma samaki wawili kwa pigo moja, ngege na sangara, ambaye sisi humwita mbuta. Tendo hilo haliwezekani majini, ila linawezekana ukutani, ambapo samaki hao wawili huchukuliwa kuwa alama ya Misri ya Kaskazini na ya Kusini. Katika kaburi la Nakht, namba 52, mchoro huo haukukamilishwa: Nakht ameinua mikono kuchoma, lakini mkuki haukuchorwa kamwe. Upungufu huo unafunza. Unatuonyesha kwamba mkao ulipangwa kwanza kwa sababu mkao ndio uliobeba maana, chombo kingefuata.

Wanahistoria hawakosei wanapoitafuta katika michoro hii habari za jembe, nyavu na mvinyo. Habari hizo zimo. Lakini zimo kama maneno yalivyomo katika dua. Mtu anaweza kujifunza majina ya vyakula kwa kusikiliza dua ya kuomba riziki, ila akisema kwamba dua ni orodha ya vyakula, hajaisikia. Vivyo hivyo msomaji wa Utendi wa Al-Inkishafi anaweza kupata humo habari za nyumba za Pate na vidaka vyake, lakini Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hakuutunga ili atuachie ramani ya majumba. Aliutunga ili aushitue moyo. Kioo hakimshitui mtu; kinamrudishia tu uso aliokuja nao.

5. Macho ya Menna

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwamba michoro hii ilikuwa tendo haukutoka kwa waliochora. Umetoka kwa waliobomoa.

Menna alikuwa karani wa mashamba, na kaburi lake, namba 69, ni miongoni mwa yale yaliyohifadhika vizuri kabisa. Lakini zamani hizo hizo kuna mtu aliyeingia humo akayachokoa macho ya Menna katika michoro yake. Hakuharibu kila kitu. Ndege, samaki, wavunaji na wasichana wamebaki na rangi zao. Aliyekusudiwa ni mmoja, na ndani yake kilichokusudiwa ni macho, ili asione tena kilichotayarishwa kwa ajili yake. Hakuna anayefunga safari ya kwenda kulipofua pambo. Adui wa Menna alikuwa mhakiki mkali, naye aliijua dhima ya mchoro kuliko wengi wetu tulioandika vitabu juu yake. Katika kaburi la Nebamun nako jina la mungu Amun limetindikwa, bila shaka wakati wa Akhenaten, mfalme aliyetaka kuifuta ibada ya Amun. Jina lililoandikwa lilihesabiwa kuwa lina nguvu. Ndiyo maana lilifutwa.

Maneno yenyewe yametanda katika kuta hizi, na kwa wanaisimu hapa pana utajiri ambao haujatumiwa vya kutosha. Katika kaburi la Ti huko Saqqara, la Nasaba ya 5, na katika la Paheri huko El Kab, lililochorwa takriban miaka elfu moja baadaye, wafanyakazi hupewa maneno ya kusema: wanahimizana, wanataniana, wanajibizana. Katika karamu ya Paheri mwanamke mmoja anaomba vikombe 18 vya mvinyo. Haya ni mazungumzo ya watu wa kawaida yaliyowekwa juu ya vichwa vyao, nayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya aina hiyo duniani.

Muhimu zaidi ni ule utanzu ambao wataalamu huuita wito kwa walio hai. Marehemu huwaita wapita njia, akiwaomba watamke kwamba apate mikate elfu, pombe elfu, ng'ombe elfu na ndege elfu. Huwakumbusha kwamba hakuwaombi mali. Ni pumzi ya kinywa tu, isiyomchosha msemaji. Mwaka 1962 kilichapishwa kitabu cha J. L. Austin, kilichotokana na mihadhara yake, akieleza kwamba kuna kauli ambazo kuzisema ni kutenda. Makarani wa Misri walikuwa wameijenga itikadi yao yote ya kaburi juu ya msingi huo. Kutamka mkate ni kutoa mkate. Kuchora bwawa ni kuchimba bwawa.

Nao wapita njia waliitika. Katika kaburi namba 60, la mwanamke aitwaye Senet, lililochongwa yapata 1950 K.K., makarani wa karne kadhaa baadaye waliandika kwa wino ukutani kwamba wamekuja kulitazama, wakalisifu. Hao ni miongoni mwa wahakiki wa kwanza wa sanaa wanaojulikana. Sifa zao ni za kimazoea na zinafanana, kama zinavyofanana sentensi za wanafunzi wetu. Hata hivyo walifanya jambo moja ambalo sisi tumeliacha: walipomaliza kutazama, wengi waliandika majina yao, wakakubali kwamba wao nao wamehusika.

6. Kasoro ya sanaa hii

Uhakiki usiotaja kasoro ni sifa tu, na haitufai kuwasifu Wamisri kwa sababu walikuwa Waafrika. Kasoro kubwa ya sanaa hii imo katika nguvu yake hiyo hiyo. Ikiwa kinachochorwa kinakuwapo milele, basi vipi kuhusu mkulima aliyeinama? Katika vipande vya Nebamun ng'ombe na mabata huletwa wahesabiwe, na wachungaji wanaowaleta nao wamo katika hesabu. Mwenye kaburi amechorwa mkubwa, wao wadogo. Yeye ana jina. Wengi wao hawana. Mchoro unampa Nebamun ujana wa milele, na kwa mkono huo huo unawapa wachungaji utumishi wa milele.

Hata fundi hana jina. Mtu aliyejua kulipaka dhahabu jicho la paka hakupewa nafasi ya kuandika yeye ni nani. Tunawafahamu mafundi kwa karibu katika kijiji cha Deir el-Medina pekee, walikokaa wajenzi wa makaburi ya wafalme. Huko fundi alijichorea kaburi lake mwenyewe. Katika lile la Sennedjem, lililofunguliwa mwaka 1886, yeye na mkewe wanalima na kuvuna katika mashamba ya ahera wakiwa wamevaa kitani cheupe pe. Ni picha ya furaha, lakini isomwe pamoja na habari nyingine ya kijiji hicho hicho: katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses wa Tatu, mafundi waliweka chini zana zao na kuandamana kwa sababu posho yao ya nafaka ilikuwa haijaletwa. Waliozoea kuchora mikate elfu walikuwa na njaa. Mhakiki anayezungumzia uzuri wa rangi bila kulitaja hilo amelitazama ukuta nusu.

7. Makaburi ya kwetu

Msomaji atauliza haya yatufaa nini. Tuna makaburi yetu, na tumeyasoma kwa uzembe ule ule. Katika pwani yetu, kutoka Mambrui na Malindi hadi Kaole na Kunduchi, kuna makaburi ya mawe yenye nguzo, ambayo wajenzi walitia katika kuta zake mabakuli na sahani za kauri zilizotoka Uchina na kwingineko. Huko Gedi, ambako James Kirkman alichimbua kuanzia mwaka 1948, kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Vitabu husema kwamba mabakuli hayo yalikuwa mapambo na dalili ya utajiri. Huenda ni hivyo kwa sehemu. Lakini bakuli ni chombo cha kulia, nalo limeelekezwa nje kwa anayezuru. Je, si haki kuuliza bakuli linasema nini, na linamwambia nani? Makaburi mengi sasa yana mashimo ya duara tu, kwa sababu mabakuli yamechokolewa na watu walioona humo bidhaa. Aliyekiita kitu pambo amekwisha kuanza kukibandua.

Katika kisiwa cha Mfangano, Homa Bay, kuna michoro ya miambani ya duara nyekundu na nyeupe, ambayo kwa kawaida huhusishwa na wawindaji walioishi huko kabla ya Wasuba. Si michoro ya makaburi. Lakini wenyeji waliihusisha na kuleta mvua, wakaiheshimu na kuiogopa. Hao nao hawakuiona kuwa urembo wa mwamba.

Nyumbani Muhuru marehemu huzikwa bomani mwake, mwanamume upande wa kuume wa nyumba yake. Jambo la mahali pa kaburi si dogo kwetu. Mwili wa wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, ulikaa bila kuzikwa mpaka Mei 1987 mahakama zikiamua azikwe wapi. Siku hizi makaburi mengi hufunikwa kwa saruji na vigae. Babu ya mwandishi alipozikwa, mjukuu mmoja, mvuvi, alichukua msumari kabla saruji haijakauka akachora mtumbwi wa babu, na chini yake samaki wawili. Baadhi ya jamaa waliokuja kutoka mjini walinung'unika kwamba ameharibu kazi. Walitaka vigae vilivyo safi. Baba mdogo alikata shauri kwa maneno machache: mwacheni, mzee hawezi kuachwa ufukoni bila chombo. Hakusema ni mapambo, wala hakusema ni picha ya maisha ya mzee. Alisema mzee anahitaji chombo.

Samaki wale wawili ni ngege na mbuta. Hapo pana kinaya ambacho babu mwenyewe angekifurahia. Sangara hakuwa samaki wa ziwa letu. Aliletwa kutoka Ziwa Albert katika miaka ya 1950 na ya mwanzo ya 1960, na ngege wa Mto Nile naye aliingizwa karibu na wakati huo. Ngege wetu wa asili alitoweka karibu kabisa ziwani, akabaki katika viziwa vidogo kama Kanyaboli. Kwa hiyo samaki wa mkuki wa Wamisri wamefika Muhuru Bay katika kizazi cha babu yetu, na mjukuu amewachora pamoja juu ya kaburi bila kuwahi kumsikia Menna. Hatusemi kwamba ni urithi wa Misri. Tunasema kwamba ni kazi ile ile, imefanywa na mikono mingine kwa sababu zake yenyewe.

8. Hitimisho

Turudi sasa kwenye neno. Tumelilaumu neno mapambo tangu mwanzo, na haki inatutaka tulisikilize. Kiswahili husema kumpamba bibi arusi. Yeyote aliyehudhuria shughuli hiyo anajua kwamba hina na manukato havikuwekwa juu ya msichana ili apendeze tu. Kwa kupambwa, anavushwa kutoka hali moja hadi nyingine. Kiswahili husema pia kupamba maiti, yaani kuutengeneza mwili kwa pamba na kuuweka tayari kwa safari yake. Na moto nao hupamba, pale unapokolea hata usizimike kwa urahisi. Katika matumizi yote hayo, kupamba ni kukifanya kitu kiwe tayari kwa kazi yake, au kukifikisha katika nguvu yake kamili.

Kwa maana hiyo makaburi ya Nebamun na Menna yalipambwa, na ngege ndani yake ni pambo. Kwa maana hiyo pia sitiari hupamba shairi. Neno lilikuwa sahihi. Sisi ndio tuliolipunguza tulipolitumia kutafsiri dhana ya wengine ya urembo usio na kazi, kisha tukalirudisha darasani likiwa limepungua. Mwanafunzi akituandikia kwamba tamathali "imepamba" utenzi, tusimkate alama wala tusimpe. Tumwulize imeuandaa utenzi huo kufanya nini, na kwa nani. Asipoweza kujibu, ajue kwamba hajausoma bado.

Mchoro wa mtumbwi juu ya kaburi la babu unaanza kufifia, kwa kuwa saruji haikuwa nzuri. Jamaa wameanza tena kuzungumzia vigae. Mwandishi wa makala haya ameombwa, kwa kuwa ni mwalimu wa lugha, awape neno la kuandikwa hapo. Hajawapa. Amewaomba kwanza watie ngeu ndani ya mistari ile ya msumari, ili chombo kionekane.